Waraka kwa Ndugu Wanachama Kuhusu Viti Tunavyoviacha Wazi

Ndugu zangu na dada zangu, mlio kazini na mliostaafu, mlioko Dar es Salaam na Nairobi, Moroni na Bujumbura, na ninyi mlioko vituoni mbali na nyumbani,

Waraka wa mwenyekiti una desturi yake. Huja na habari za ada, za mkutano mkuu, na majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Huu hauna hayo. Katibu atayaleta kwa barua yake. Nimeuchelewesha kwa sababu sikutaka uwafikie ukiwa bado na moto, maana ninayetaka kusema naye ni ndugu, si mshtakiwa. Lakini kunyamaza nako kungekuwa kuwakosea, kwa kuwa jambo lenyewe linautafuna umoja wetu ndani kwa ndani, na sidhani kama yupo kati yetu ambaye hajalisikia, au kuliona, au kulitenda.

Vijana wetu walioko kwenye ofisi za uwakilishi wamekuwa wakiniandikia. Mmoja alipelekwa kwenye kamati ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa bila maelekezo yoyote kutoka wizarani. Wakati wa kura ulipofika alitazama ubao ukutani, akaona taa ya nchi jirani imewaka kijani, naye akabonyeza kijani. Azimio lilihusu uvuvi wa bahari kuu, na nchi yake ina pwani. Mwingine anaeleza kwamba hotuba aliyoisoma mkubwa wake iliandikwa katika ubalozi wa nchi nyingine, ikaja imekwisha chapwa, na kitu pekee walichosahihisha ni jina la rais. Binti mmoja hakulalamika hata kidogo. Aliuliza tu, kwa adabu inayouma kuliko lawama, kama ni kawaida viti vya nchi zetu kuwa vitupu baada ya chakula cha mchana. Sitataja nchi wala majina, na sihitaji kuyataja.

Nilipowauliza baadhi ya wakubwa wao, jibu lilikuwa lile lile ambalo nimelisikia hata kwenye vikao vyetu wenyewe: sisi ni wadogo, mambo yamekwisha amuliwa na wenye nguvu, tukae tusikae hakuna kitakachobadilika. Jibu hili husemwa kwa sauti ya mtu aliyeona mengi, na wadogo zetu hulipokea kama busara. Naomba tulichunguze pamoja bila haraka. Kwa maoni yangu si busara. Linaificha kazi yetu ilivyo hasa, na linawasingizia waliotutangulia.

Tuanze na bahari, kwa kuwa ndiyo iliyomshinda yule kijana. Tarehe 1 Novemba 1967 balozi wa Malta, Arvid Pardo, alisimama katika Kamati ya Kwanza ya Baraza Kuu akazungumza kwa saa nyingi. Malta ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru, na watu wake hawakufika laki nne. Haikuwa na meli za kutafuta madini wala jeshi la majini la kumtisha mtu. Ilikuwa na balozi aliyekuwa amesoma. Alieleza kilichoko chini ya bahari kuu, jinsi mitambo ya mataifa tajiri ilivyokuwa ikikaribia kukifikia, na kwa nini sakafu ya bahari nje ya mipaka ya nchi yoyote ihesabiwe kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu wote. Kutokana na hotuba ile ikaundwa kamati, kutokana na kamati ukaitishwa mkutano mkubwa, na mwaka 1982 ukapatikana Mkataba wa Sheria ya Bahari. Wala haukuwa mchango wa Malta peke yake. Mkenya Frank Njenga alilipeleka wazo la ukanda wa kiuchumi wa baharini mbele ya wanasheria wa Asia na Afrika mwaka 1971, na mwaka uliofuata Kenya ikaliweka mezani kwa maandishi. Zile maili 200 ambazo leo Tanzania, Kenya, Shelisheli na Komoro huzitaja zinapodai ada kwa meli za kigeni za jodari zilikuwa aya katika karatasi ya Mwafrika wa Mashariki kabla hazijawa sheria ya dunia. Na ilipoundwa Tume ya Matayarisho ya mkataba huo, iliyoketi Kingston, Jamaika, mwenyekiti wake wa kwanza mwaka 1983 alikuwa Mtanzania, Joseph Warioba, na aliyempokea kiti alitoka Cape Verde. Hao ndio babu na wajomba wa kijana wetu katika kazi hii. Yeye amebonyeza kijani kwa kumtazama jirani, na sisi tuliomlea hatukumwambia kwamba katika chumba kile yeye ni mtoto wa nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba Tanzania na Kenya si nchi ndogo. Kwa eneo ni kweli, na kwa idadi ya watu pia. Lakini ndani ya mashirika haya udogo hupimwa kwa vipimo vingine: una maofisa wangapi wa kugawana kamati sita za Baraza Kuu, una fedha kiasi gani za kumtunishia mwenzako misuli, na ukisema hapana, nani atalala macho usiku. Kwa vipimo hivyo sote ni wadogo, na Tanzania ya 1970 ilikuwa ndogo zaidi. Mwaka huo ilimpeleka New York Salim Ahmed Salim, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka thelathini. Watu wengi humkumbuka kwa shangwe ya tarehe 25 Oktoba 1971, siku Jamhuri ya Watu wa China iliporudishiwa kiti kwa kura 76 dhidi ya 35. Mimi ningependa akumbukwe zaidi kwa kazi isiyopigwa picha, ya kuiongoza kwa miaka kadhaa Kamati ya Kuondoa Ukoloni, ambako kulikuwa na kusikiliza wajumbe wa vyama vya ukombozi, kuhariri ripoti, kurudi tena na tena kwenye mlango wa mtu aliyekwisha kukukatalia. Nyuma yake kulikuwa na Dar es Salaam, makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, na kwa hiyo alipozungumza, alisema jambo ambalo nchi yake ilikuwa inalitenda.

Na ililitenda kwa gharama. Desemba 1965 mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kwamba Uingereza isipouzima uasi wa Ian Smith kule Rhodesia ifikapo tarehe 15, nchi wanachama zivunje nayo uhusiano wa kibalozi. Siku ilipofika, ni chache tu zilizotimiza neno. Tanzania ilikuwa mojawapo, na mkopo wa pauni milioni saba na nusu uliokuwa ukisubiriwa kutoka London ukazuiwa. Fedha hizo kwa nchi ile changa zilikuwa barabara na mashule. Naye Salim mwenyewe, alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1981, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu duru baada ya duru hadi alipoondoa jina lake. Siwaambii haya ili mdhani kuwa msimamo hulipa. Mara nyingi haulipi, au hulipa watu wengine baadaye. Nawaambia ili mjue kwamba walioacha jina ambalo sisi tunalitumia kama kitambulisho hawakulipata bure.

Sasa naomba mvumilie niseme jambo ambalo ndugu zetu wa Komoro, wa Ngazija, Nzwani na Mwali, huenda likawagusa pabaya. Nalisema kwa mapenzi, kwa kuwa sijaona mfano unaofundisha zaidi katika bahari yetu.

Nianze na Mauritius, kisha nifike kwao. Mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya Mauritius kupata uhuru, Uingereza ilivimega Visiwa vya Chagos kutoka koloni hilo, ikawahamisha wakazi wake, na Diego Garcia kikawa kituo cha kijeshi cha Marekani. Kwa nguvu Mauritius haikuwa na la kufanya. Katika Baraza la Usalama pia haikuwa na la kufanya, kwa sababu waliokuwa wakilalamikiwa walikuwa wameshika kura ya turufu. Kilichobaki ni karatasi. Wakaisoma Hati ya Umoja wa Mataifa, wakaona kwamba Baraza Kuu lina haki ya kuiomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki maoni ya ushauri, na kwamba katika Baraza Kuu hakuna turufu, ni kura moja kwa kila nchi. Halafu wakafanya jambo la pili, ambalo naliona kuwa ndilo la ufundi zaidi: waliliondoa suala lao katika sura ya ugomvi wa mipaka kati ya nchi mbili, wakaliweka katika sura ya ukoloni ambao haukukamilika kuondolewa. Ugomvi wa nchi mbili, wengi hukaa kando wakatazama. Ukoloni usiokamilika, Afrika nzima inaujua. Rasimu ikaingia Baraza Kuu kwa jina la Kundi la Afrika, si la Mauritius. Balozi wao, Jagdish Koonjul, hakuwa mgeni aliyekuja kwa zamu; alikuwa amekwisha kuhudumu New York mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wakamrudisha kule kule mwaka 2015.

Tarehe 22 Juni 2017 ombi lilipita kwa kura 94 dhidi ya 15, na nchi 65 zikajizuia. Umoja wa Afrika ukaenda mahakamani kuzungumza upande wa Mauritius. Februari 2019 majaji 13 kati ya 14 walisema Uingereza ina wajibu wa kukomesha utawala wake visiwani humo upesi iwezekanavyo. Miezi mitatu baadaye Baraza Kuu likalipokea hilo kwa kura 116 dhidi ya 6. Tazameni hesabu hiyo kwa makini, kutoka 15 hadi 6, maana waliohama hawakuhamishwa na manowari. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kurudisha mamlaka juu ya visiwa hivyo, huku Diego Garcia ikikodishwa kwa miaka 99. Wapo Wachagosi wanaonung'unika kwamba hawakushirikishwa, na wana haki ya kunung'unika. Mimi sisemi kuwa ni ushindi mtakatifu. Nasema nchi ya watu milioni moja na robo iliifikisha mezani nchi yenye turufu.

Mkabala na kaskazini ya Msumbiji, katika mlango-bahari ule tunaoujua sote, iko Mayotte. Komoro ilitangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, na Umoja wa Mataifa ukaipokea Novemba mwaka huo ikiwa ni nchi ya visiwa vinne. Tarehe 6 Februari 1976 rasimu iliyoitaka Ufaransa iheshimu umoja wa visiwa hivyo ilipata kura 11 katika Baraza la Usalama, ya Tanzania ikiwa miongoni mwake, na Ufaransa ikaiangusha peke yake kwa turufu. Najua, na haki inanitaka niseme, kwamba mambo haya mawili hayalingani: wengi wa watu wa Mayotte walipoulizwa kwa kura walichagua kubaki na Ufaransa, wakati Wachagosi hawakuulizwa kitu. Lakini kwa karibu miaka ishirini Baraza Kuu liliendelea kupitisha maazimio ya kuiunga mkono Komoro, mwaka baada ya mwaka. La mwisho lilikuwa la 1994. Baada ya hapo suala lilibaki kwenye orodha ya ajenda, kwa makubaliano kwamba halitajadiliwa. Mwaka 2011 Mayotte ikawa mkoa kamili wa Ufaransa, na ajenda bado ilikuwa pale, imelala.

Ndugu zangu wa Komoro, sikuyaandika haya kuwanyooshea kidole. Nchi iliyopinduliwa na mamluki, marais wake wakauawa, ikakaribia kuvunjika Nzwani ilipojitenga mwaka 1997, haiwezi kulaumiwa kwa kukosa mabalozi wa kukaa kituo kimoja miaka kumi. Lawama yangu inatuelekea sisi majirani. Suala la Chagos lilibebwa na kundi zima. La Mayotte tuliliacha mikononi mwa mwenye msiba, na alipochoka, hakuna kati yetu aliyeinua mkono kuuliza kwa nini limerukwa. Hiyo ndiyo maana ya kiti kitupu. Siku ile haioneshi madhara yoyote, hakuna anayepiga kelele, chakula cha jioni kinaliwa kama kawaida.

Pengine mtaniambia kwamba nimechagua mifano ya watu waliokuwa wakijitetea wenyewe. Basi itazameni Gambia. Ni nchi iliyozungukwa na Senegali pande zote ila baharini, na haina mpaka wala biashara ya maana na Myanmar. Mwaka 2018 waziri wake wa sheria, Abubacarr Tambadou, alikwenda Bangladesh kwa mkutano wa Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, akafika kwenye kambi za Warohingya kule Cox's Bazar, akasikia habari ambazo masikio yake yalikuwa yamekwisha kuzisikia. Aliwahi kufanya kazi Arusha, ndugu zangu, katika mahakama iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda. Akaishawishi jumuiya ile ya nchi 57, ambamo mna matajiri wa mafuta na wenye majeshi makubwa, na tarehe 11 Novemba 2019 ni Gambia iliyoweka sahihi kwenye shauri kule The Hague. Januari iliyofuata majaji wote kwa kauli moja waliiamuru Myanmar ichukue hatua za kuwalinda Warohingya. Mwaka 2022 pingamizi za Myanmar zikatupwa. Ujuzi uliopatikana Arusha, katika mji wetu, ulichukuliwa na mtu wa Banjul ukatumika kuwatetea watu wa Asia. Nasi ambao mahakama ile ilikaa kwetu kwa miaka ishirini, tumewafundisha wangapi?

Vanuatu nitaipitia kwa haraka kwa kuwa habari zake mmezisoma magazetini. Wazo la kuiuliza Mahakama juu ya wajibu wa mataifa kuhusu tabianchi lilianza na wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini mwaka 2019. Serikali haikuwacheka. Machi 2023, wiki chache baada ya vimbunga viwili kuipiga nchi hiyo, Baraza Kuu lilipitisha ombi lao bila kura kupigwa, likiwa limeungwa mkono na nchi zaidi ya 130, na Julai 2025 Mahakama ikatoa maoni yake. Na iko Liechtenstein, ya watu wasiozidi elfu arobaini na wachache, isiyo na jeshi tangu 1868. Ilimweka Christian Wenaweser kuwa balozi wake New York mwaka 2002, ikamwacha hapo zaidi ya miaka ishirini. Aprili 2022 ndiyo iliyoongoza azimio linalolazimu Baraza Kuu kukutana ndani ya siku kumi za kazi kila turufu inapotumika, ili aliyeitumia aeleze sababu mbele ya wote. Wizara zetu huwahamisha mabalozi kama makarani wa posta, kisha zinashangaa kwamba hawajulikani.

Nimefika kwenye sehemu niliyoiogopa. Kuna wenzetu ambao hawakiachi kiti wazi. Wanakikalia vizuri, lakini kura wameigeuza kuku wa mnadani, anayekwenda na mwenye bei. Uwanja wa mpira umejengwa, kura imekwenda; nafasi za masomo zimetolewa kwa watoto wa wakubwa, kura imekwenda. Sijifanyi mgeni wa dunia. Wachumi Ilyana Kuziemko na Eric Werker walionesha mwaka 2006 kwamba nchi ikiingia Baraza la Usalama kwa ujumbe wa miaka miwili, misaada inayopata kutoka Marekani hupanda kwa wastani wa asilimia 59, na muda ukiisha hurudi chini. Kwa hiyo soko lipo. Ninachouliza ni kama sisi ni watu wa soko hilo. Mwaka 2000 katika Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, kisiwa cha Dominica kilipiga kura dhidi ya hifadhi ya nyangumi ya Pasifiki ya Kusini. Waziri wake wa mazingira, Atherton Martin, alisema wazi kwamba kura hiyo ilitokana na shinikizo la misaada ya Japani, akajiuzulu. Kisiwa hakikuzama kwa kujiuzulu kwake, wala misaada haikukoma. Lakini watu wa Dominica walijua siku ile ni nani katika serikali yao aliyejua mpaka uko wapi.

Wengine hunijibu kwa Yemeni, na ni jibu zito. Novemba 1990 Yemeni, nchi maskini, ilipiga kura ya hapana katika Baraza la Usalama juu ya kutumia nguvu dhidi ya Iraki, na hapo hapo balozi wake akaambiwa kwamba kura hiyo itakuwa ghali kuliko zote alizowahi kupiga. Misaada ya Marekani ya dola milioni 70 ikakatwa. Sina la kulipinga hilo. Yako mazingira ambamo serikali, ikipima njaa ya watu wake, itajizuia au itanyamaza, na mjumbe atatii maelekezo. Mimi mwenyewe nisingemhukumu. Tofauti ninayoiomba iheshimiwe ni kati ya nchi iliyopima ikaamua, na mjumbe asiyejua kilichopimwa kwa kuwa hakusoma rasimu, au aliyekwisha kuahidi kabla wizara yake haijaulizwa. Wa kwanza amebeba mzigo wa nchi yake. Huyo mwingine ameuuza.

Najua pia yale yasiyotokana na nia zetu. Ofisi nyingine zina maofisa watatu, na kamati zinakutana kwa wakati mmoja. Maelekezo hutoka nyumbani yakiwa yamechelewa kwa tofauti ya saa, au hayatoki kabisa. Ziko nchi zetu zilizowahi kuingia katika Kifungu cha 19 cha Hati, kinachoinyima kura nchi yenye malimbikizo ya michango ya miaka miwili, zikalazimika kuomba radhi ya Baraza ili ziruhusiwe kupiga kura. Lakini wenzetu wenye uhaba huo huo wametafuta njia. Nchi za Pasifiki na Karibiani hugawana kamati: huyu anafuatilia fedha, yule bahari, na jioni wanapeana taarifa. Singapore ilianzisha Jukwaa la Nchi Ndogo mwaka 1992 zikiwa chache, leo wamo zaidi ya mia. Saint Vincent na Grenadines, nchi ndogo kuliko zote zilizowahi kuketi Baraza la Usalama, iliingia mwaka 2020 ikajiunga na wajumbe watatu wa Afrika, na Kenya ilipofika mwaka 2021 iliwakuta wakisema kwa sauti moja. Sisi tulio na lugha moja, ambao tunaweza kupeana taarifa ukumbini bila mkalimani na bila jirani wa kiti kutuelewa, mbona hatufanyi hata hilo?

Ndugu zangu, rasimu ya azimio haishuki kutoka mbinguni. Kuna mtu hukaa akaiandika, akaisambaza, na neno lisilokubaliwa likawekwa mabanoni. Kisha watu wasiozidi ishirini hubaki katika chumba kisicho na dirisha hadi saa nane za usiku, wakiyaondoa mabano moja moja. Atakayekuwepo ndiye atakayeulizwa. Wenye nguvu nao huchoka usiku, nao hutaka kwenda kulala, na mara nyingi humpa neno lake yule anayejua kwa nini analitaka. Nyote mliowahi kukaa katika chumba hicho mnajua kwamba sitii chumvi. Hii ndiyo mila yetu, kabla ya magari yenye bendera na kabla ya karamu za sikukuu za uhuru. Inaniuma kuona tunairithisha karamu na kuuacha usiku.

Basi nawaomba haya. Kila mstaafu kati yetu aliyewahi kuendesha kamati au kuandika rasimu aandike anachokikumbuka, kwa Kiswahili chepesi: nani aliombwa nini, neno gani lilibadilishwa kwa lipi, wapi tulishindwa. Msiandike sifa zenu. Walio vituoni wamchukue kijana mmoja wa nchi jirani, si ya kwao, wampitishe katika rasimu moja tangu mwanzo hadi kura, na wa Dar es Salaam na Nairobi watangulie kuwachukua wa Moroni na Bujumbura. Na wale ambao hupokea ujira wa kushawishi kwa niaba ya serikali za mbali huku wakiendelea kuhudhuria vikao vyetu kama wazee wa umoja, nawasihi kwa heshima wachague kimoja kabla ya mkutano mkuu. Nisingependa kuwauliza mbele ya watoto.

Mkutano wenyewe tutaufanya mapema kidogo mwaka huu, kabla Baraza Kuu halijafungua kikao chake Septemba. Hakutakuwa na hotuba ya mgeni rasmi. Tutachukua rasimu moja, ile ile ya uvuvi, tuisome aya kwa aya pamoja na vijana, na kijana aliyeniandikia amekubali kusimama na kueleza alivyopiga kura. Nawaomba msimcheke. Atakayekuja aje amekwisha kuisoma. Katibu ataituma pamoja na barua ya ada.

Ndugu yenu katika utumishi,
Mwenyekiti